Ridhaa Chini ya Ufunguo: Uhakiki wa Lugha ya Sheria kuhusu Askari na Mahabusu Nchini Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo sheria za Kenya na Tanzania hutumia kuhusu tendo la ngono kati ya askari polisi na mtu anayeshikiliwa kituoni. Hoja kuu ni kwamba sheria hizo, licha ya hatua kubwa zilizopiga, zimeifungamanisha ridhaa na swali lisilo lake. Zinauliza kama kizuizi kilikuwa halali au si halali, ilhali swali linalostahili kuulizwa ni nani aliyekuwa ameshika ufunguo. Kwa kuvilinganisha vifungu hivyo na kanuni za kukiri kosa, na kwa kuchunguza msamiati wa Kiswahili utakaovibeba, makala yanaonyesha kwamba lugha yetu inao uwezo wa kutenganisha kuridhia na kusalimu amri, iwapo wafasiri wa sheria watautumia uwezo huo.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hii haizungumzii mapenzi, inazungumzia nguvu. Anayeubusu mkono huo anajua kwa nini anaubusu, na mwenye mkono naye anajua, au anapaswa kujua. Anayeweza kudanganyika ni mtazamaji wa mbali, ambaye huliona busu na kudhani kuwa ni upendo. Makala haya yanadai kwamba, katika suala la mahabusu, sheria zetu zimekuwa zikitazama kwa mbali.

Hali inayozungumziwa ni rahisi kuieleza. Mtu aliyekamatwa na kuwekwa mahabusu humtegemea askari kwa karibu kila kitu: maji ya kunywa, kwenda msalani, simu ya kuwaarifu ndugu, dhamana, hata maneno yatakayoandikwa katika jalada lake. Askari huyo akimtaka kimwili, naye asipige kelele wala asipigane, je, kilichotokea ni nini? Askari akifikishwa mahakamani atasema kwamba mwenzake aliridhia. Jibu la swali hilo hutegemea maana ambayo sheria imeipa ridhaa, na maana hiyo hutegemea maneno.

Matini yanayohakikiwa ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998, iliyoandika upya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza, na fasiri za vifungu humu ni za mwandishi. Kazi ya kufasiri si zoezi la darasani tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo, uamuzi wa mfasiri kuhusu neno moja waweza kumfikia mtu aliye ndani ya selo usiku huu.

2.0 Kukubali, kusalimu amri na kuridhia

Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili la dhana hii ana maneno kadhaa mbele yake: ruhusa, idhini, kibali, hiari na ridhaa. Matatu ya kwanza yana kasoro inayofanana. Kwa kawaida hutolewa na aliye juu kumpa aliye chini: mwanafunzi huomba ruhusa kwa mwalimu, na mfanyabiashara huomba kibali kwa serikali. Ndani ya kituo cha polisi, askari ndiye mtoaji wa ruhusa zote. Kusema kwamba mahabusu alimpa askari ruhusa ni kuupindua uhusiano uliopo na kumfanya mfungwa kuwa bwana wa mlinzi wake.

Ridhaa ni neno bora zaidi kwa sababu hutaja hali ya nafsi. Limetoka katika mzizi mmoja na radhi, kuridhia na kuridhika. Aliyeridhia hajatamka tu. Moyo wake umetulia juu ya jambo alilolitamka. Hiari nayo huongeza kipimo cha pili, kwamba kulikuwa na njia nyingine ya kuchagua. Methali isemayo kuwa hiari yashinda utumwa inaziweka hali hizo mbili katika ncha mbili zinazopingana.

Tatizo ni kwamba ushahidi unaotolewa mahakamani mara nyingi hauhusu kuridhia bali kukubali. Katika matumizi ya kila siku, mtu hukubali kushindwa, hukubali adhabu, hukubali yaishe. Katika sentensi hizo zote hakuna radhi hata chembe. Kukubali kwaweza kuwa kwa ulimi, kusalimu amri kwaweza kuwa kwa mwili, lakini kuridhia ni kwa nafsi iliyo huru. Kiswahili kinazitofautisha hatua hizi tatu bila taabu. Ushahidi kwamba mahabusu "alikubali" haujathibitisha lolote kuhusu hatua ya tatu.

Sheria ya Kenya inaikaribia sana tofauti hii. Kifungu cha 42 kinasema kwamba mtu ameridhia pale anapokubali kwa kuchagua, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Kwa kipimo hicho tungetarajia suala la mahabusu limalizike mara moja, kwani aliyefungiwa hana uhuru, na asiye na uhuru hana cha kuchagua. Hata hivyo, vifungu vinavyofuata havifikii hitimisho hilo.

3.0 Uzito wa maneno "kisicho halali"

Kifungu cha 44 cha sheria hiyo ya Kenya kinaorodhesha mazingira ambamo mahakama itachukulia kwamba mlalamikaji hakuridhia, hadi uwepo ushahidi wa kutosha wa kuonyesha vinginevyo. Miongoni mwake ni matumizi ya nguvu, usingizi au kupoteza fahamu, na hali ambapo mlalamikaji alikuwa amezuiliwa isivyo halali ilhali mshtakiwa hakuzuiliwa. Tanzania, miaka minane kabla, ilikuwa imeandika jambo la aina hiyo hiyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 130(2)(b), mwanamume amebaka hata kama mwanamke aliridhia, iwapo ridhaa hiyo ilipatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kutiwa hofu ya kifo au ya kuumizwa, au wakati mwanamke huyo yumo katika kizuizi kisicho halali.

Maneno "kisicho halali" yanastahili kusomwa kwa utulivu. Yanamlinda mwanamke aliyetekwa na jambazi na kufungiwa stoo. Yanamlinda pia aliyekamatwa na polisi bila sababu yoyote ya kisheria. Lakini yanamwacha nje yule ambaye karatasi zake zimekamilika: aliyekamatwa kwa tuhuma ya wizi, akaandikwa katika kitabu cha kituo, akangoja kupelekwa mahakamani kesho yake. Kizuizi chake ni halali, na kwa kuwa ni halali, dhana ya kutoridhia haimhusu. Komeo ni lile lile, ukuta ni ule ule, na hofu ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi iliyo mezani kwa askari, na huenda askari huyo ndiye aliyeijaza.

Watunga sheria hawakumsahau kabisa mahabusu halali. Kifungu cha 130(3) cha Tanzania kinawataja watu wenye mamlaka, pamoja na watumishi wa mahabusu na mahali pengine pa kizuizi, wanaotumia nafasi zao vibaya. Lakini muundo wa sentensi yake unazunguka na kurudi ulikotoka. Kinasema kwamba mtumishi atakayetumia nafasi yake "na kubaka" atakuwa ametenda kosa la kubaka. Ili kuthibitisha kubaka, msomaji analazimika kurudi kwenye kifungu kidogo cha pili, na huko atakutana tena na ridhaa na kizuizi kisicho halali. Hakimu mwenye busara anaweza kukisoma kifungu hiki kwa upana na kumwokoa mlalamikaji, lakini haki isiyotegemea bahati ya kumpata hakimu fulani ingekuwa bora zaidi. Isitoshe, kifungu hiki humzungumzia mwathiriwa wa kike tu. Mahabusu wa kiume anayedhalilishwa na askari haonekani humo.

Kenya ilichukua njia nyingine. Kifungu cha 24(2) kinamtia hatiani afisa wa kutekeleza sheria anayetumia nafasi yake na kufanya tendo la ngono ndani ya eneo la kituo chake, ndani ya jengo la kituo chochote, au na mtu aliye chini ya ulinzi wake au wa afisa aliye chini yake. Neno ridhaa halimo kabisa. Hili ni jambo la kupongezwa, na kwa maoni yetu ndicho kifungu bora kuliko vyote vinavyojadiliwa hapa. Kasoro yake imo katika jina la kosa. Sheria inaliita matumizi mabaya ya nafasi ya mamlaka, kana kwamba kilichovunjwa ni heshima ya ofisi. Mwili wa mtu umetoweka ndani ya jina hilo.

Kifungu cha 24(1), kinachowahusu wasimamizi wa magereza na rumande, kinakwenda mbali zaidi katika kupotosha. Kinamzungumzia msimamizi ambaye "anamshawishi au anamtongoza" mfungwa, kwa tendo "lisilofikia" ubakaji. Kutongoza, kama anavyojua kila mzungumzaji wa Kiswahili, ni shughuli ya watu wanaoweza kupishana njiani. Anayetongozwa anaweza kucheka, kukasirika, kugeuka na kwenda zake, na kesho akapita njia nyingine. Mfungwa hana njia nyingine ya kupita.

Asili ya maneno hayo inafahamika. Yanalingana karibu neno kwa neno na marekebisho ambayo India iliyafanya mwaka 1983 katika sheria yake ya jinai. Marekebisho yenyewe yalizaliwa na kesi ya Tukaram. Machi 1972, msichana mdogo alidai kubakwa na askari ndani ya kituo cha polisi katika jimbo la Maharashtra, huku ndugu zake wakingoja nje. Mahakama ya kwanza iliwaachia askari, Mahakama Kuu ikawatia hatiani, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikawaachia tena, ikizingatia kwamba msichana hakuwa na majeraha na hakupiga kelele. Mwaka 1979 wanazuoni wanne wa sheria, Upendra Baxi, Lotika Sarkar, Vasudha Dhagamwar na Raghunath Kelkar, waliiandikia mahakama hiyo barua ya wazi wakisisitiza kwamba kusalimu amri si kuridhia. Maandamano yalifuata, kisha sheria mpya. Pamoja na kuyataja makosa ya askari na walinzi, India iliongeza katika Sheria ya Ushahidi kanuni kwamba tendo likithibitishwa dhidi ya askari, na mwanamke aliyekuwa chini ya ulinzi akasema mahakamani kuwa hakuridhia, mahakama itachukulia kuwa hakuridhia. Maneno ya kosa yalivuka bahari yakafika Nairobi. Kanuni hiyo ya ushahidi, inayomlinda mtu aliye katika kizuizi halali, haikusafiri nayo.

4.0 Ndiyo mbili za selo moja

Udhaifu wa vifungu hivi huonekana wazi zaidi tukivilinganisha na sheria zinazohusu kukiri kosa. Tuchukue mahabusu mmoja na askari mmoja, usiku mmoja. Askari anadai kwamba mahabusu alitamka "ndiyo" mara mbili: ndiyo ya kwanza ilikuwa "nimeiba", na ya pili ilikuwa "nimeridhia".

Ndiyo ya kwanza, sheria huipokea kwa mashaka makubwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ushahidi haikubali maelezo ya kukiri kosa isipokuwa yametolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Nchini Tanzania, ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba maelezo aliyopewa polisi yalitolewa kwa hiari, na mahakama ikiamini kuwa yalitokana na vitisho au ahadi za askari, huyakataa. India imekataa tangu mwaka 1872 ushahidi wa kukiri kosa mbele ya polisi. Mantiki ni moja: neno litokalo kinywani mwa mtu aliyefungiwa, mbele ya yule aliyemfungia, haliaminiki mpaka lithibitishwe.

Ndiyo ya pili haina ulinzi kama huo. Hakuna anayedai kwamba ridhaa hiyo ilipaswa kutolewa mbele ya hakimu, wala mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mahabusu. Katika kesi ya Tukaram, mfumo wa sheria ambao kwa zaidi ya miaka 100 ulikuwa umekataa kuamini "nimeiba" ya mahabusu uliweza kuuona ukimya wa msichana na kuuhesabu kuwa ridhaa.

Yawezekana tofauti hii imetokana na historia. Kanuni za kukiri kosa zilitungwa na watu walioweza kujifikiria wakiwa washtakiwa. Vyovyote iwavyo, mantiki haiwezi kutumika nusu. Ikiwa chumba kinaliharibu neno, basi kinaliharibu liwe linahusu ng'ombe aliyeibwa au mwili wa msemaji mwenyewe.

5.0 Arusha, 1998

Yawezekana mtu akasema kwamba mawazo haya ni ya juzi, na kwamba Bunge la Tanzania la mwaka 1998 halikuwa na mfano wa kufuata. Historia ya eneo letu inasema vinginevyo. Mwaka huo huo, tarehe 2 Septemba, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba. Ushahidi ulionyesha kwamba wanawake waliokimbilia ofisi ya komuni kutafuta hifadhi walibakwa hapo hapo. Mahakama ilieleza ubakaji kuwa uvamizi wa kimwili wenye sura ya kingono unaofanywa kwa mtu katika mazingira ya shuruti. Haikuanza kwa kuuliza kama mwanamke aliridhia. Ilianza kwa kuyatazama mazingira. Ilieleza pia kwamba shuruti haihitaji kuonekana kwa ngumi au silaha. Kanuni ya 96 ya mahakama hiyo nayo ilizuia utetezi wa ridhaa pale ambapo mlalamikaji alipatwa na, au alikuwa na sababu ya kuhofia, ukatili, shinikizo, kizuizi au mateso ya nafsi. Kizuizi kimetajwa bila nyongeza yoyote. Haikuulizwa kama ni halali au si halali.

Ni kweli kwamba mauaji ya kimbari na kituo cha polisi cha wakati wa amani si mambo ya uzito mmoja, na makala haya hayadai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba fikra ya kuanza na mazingira kabla ya ridhaa ilikwisha kutamkwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya wanawake wa Afrika Mashariki. Kifungu cha 43 cha Kenya kinaisogelea fikra hiyo kinapoyahesabu matumizi mabaya ya mamlaka kuwa shuruti, lakini mara moja kinadai yawe yamefikia kiwango cha kumzuia mtu kuonyesha kwamba hataki. Mzigo wa kueleza jinsi alivyozuiwa unaangukia upande wa mlalamikaji.

Wala tusidhani kwamba kuchelewa huku ni kwa Afrika peke yake. Jimbo la New York nchini Marekani lilikuwa limekwisha kutamka kwamba mfungwa hawezi kumridhia mlinzi wa gereza, lakini halikuwataja polisi kuhusu watu waliowakamata. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2018 tu, baada ya wapelelezi wawili wa polisi kudai kwamba msichana waliyemkamata mwaka uliotangulia aliridhia.

6.0 Kauli ya kutendana

Sehemu ya mwisho ya uhakiki huu inawahusu moja kwa moja wanaisimu na wafasiri. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana, -an-, ambacho huwafanya wahusika wawili kuwa watendaji kwa pamoja: wanapendana, wanasaidiana, wanapigana. Neno kujamiiana lina kiambishi hicho, na ndilo lililobeba jina la sheria ya Tanzania. Sentensi "askari alijamiiana na mahabusu" imekwisha kutoa hukumu kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. Imewaweka wawili hao kitini pamoja, kila mmoja mtendaji. Vivyo hivyo habari za magazeti zinazosema kwamba askari "alifanya mapenzi na" mtu aliyemshikilia. Kiunganishi "na" kinafanya kazi ambayo wakili wa mshtakiwa angeifanya kwa saa nzima.

Lugha ile ile inayo njia nyingine. Katika Kiswahili cha mahakama nchini Tanzania, kitenzi kumwingilia hutumika pia, na ndani yake kiambishi cha mtendwa kinaonyesha wazi nani ametenda na nani ametendwa. Kitenzi hicho hakiamui kama kulikuwa na ridhaa, lakini hakiidai kabla ya ushahidi. Tunapendekeza kwamba, katika vifungu vinavyohusu askari na mahabusu, wafasiri waepuke kauli ya kutendana, waepuke kutongoza, na waliweke neno ridhaa mahali pake, yaani kwa mtu aliye huru.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba sheria inayosema mahabusu hawezi kuridhia humfanya mtu mzima kuwa mtoto. Jibu ni kwamba sheria kama hiyo haimnyimi mahabusu matamanio wala akili. Inamnyima askari haki ya kuipokea ridhaa hiyo akiwa ameshika ufunguo. Ikiwa kuna mapenzi ya kweli baina yao, yatasubiri mpaka mlango ufunguliwe na kesi iishe.

Pingamizi la pili ni kwamba askari watasingiziwa. Lakini kuondoa utetezi wa ridhaa hakuondoi wajibu wa kuthibitisha tendo. Hofu hiyo pia isahaulishe ugumu uliopo upande wa pili. Kwa desturi, fomu ya uchunguzi wa daktari, PF3 nchini Tanzania na P3 nchini Kenya, hutolewa na polisi. Aliyeumizwa kituoni huelekezwa kituoni kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba udhaifu wa sheria hizi umejificha katika mambo madogo ya lugha: maneno "kisicho halali", maneno "na kubaka" yanayozunguka, kitenzi kutongoza, na kiambishi -an-. Adhabu kali haziuondoi. Tanzania inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, lakini adhabu haimfikii mtu ambaye maana ya kosa imemruka.

Pendekezo letu ni sentensi moja, ambayo Kiswahili kinaweza kuibeba bila msaada: askari hawezi kujitetea kwa ridhaa ya mtu anayemshikilia, kizuizi kiwe halali au kisiwe halali, na mtu huyo awe mwanamke au mwanamume. Kazi ya kuzifasiri sheria imekwisha kuanza Tanzania, na nchi jirani zitaifuata kadiri Kiswahili kinavyopanuka katika Jumuiya. Wafasiri wataketi na vifungu hivi kabla ya mahakimu kuketi navyo. Watakapofika kwenye neno ridhaa, wajiulize kwanza ni nani ameshika ufunguo.